Mwaka Niliosema Ahsante kwa Nazi Zetu Wenyewe

Nilisikia kishindo kabla sijaona chochote. Nilikuwa nimesimama nje ya ukuta mrefu mweupe kule Diani, mfuko wa nguo mkononi, nikimngoja askari anifungulie lango, na ndani kule kitu kizito kikaanguka mchangani: tii! Kimya kidogo. Tii! tena, kisha sauti ya mwanamke ikimkaripia mtu aliyekuwa juu: "We Juma, hilo kuti walikata la nini? Nimekuita uniangulie nazi, sikukwambia uuache mti uchi!" Sauti ile niliijua tangu nanyonya. Lango lilipofunguliwa nikamwona Shangazi Mejumaa, dada yake baba, ameketi juu ya kigogo katikati ya ua wa Mmarekani, kanga ameifunga kiunoni, akipanga nazi zake kama mtu aliye kwake. Mimi, niliyekuja kuanza kazi siku ile, mwili wote ulinifa ganzi kwa haya. Nilidhani ameingia kuiba; nilijua ana minazi, sikujua iko ndani ya ukuta ule. Nikamsogelea, nikainama. "Shikamoo, shangazi," nikanong'ona. "Marahaba," akajibu kwa sauti ya kufika baharini. "Mbona wanong'ona? Kuna maiti?"

Kishindo hicho kilinirudia wiki iliyopita, harusini Msambweni, nilipokutana na Hamisi. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Hamisi ndiye aliyekuwa mpishi wa nyumba ile, mtu wa maneno makali na mikono laini, na sasa alikuwa amesimama kando ya sufuria kubwa za pilau akiwasimamia vijana, ndevu zimekuwa nyeupe kama tui. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, tukacheka. Kisha akajifuta mikono na kuniambia, "Yule bibi yako amefariki. Nimeletewa habari kwa simu." Hakumtaja jina, na mimi sikuuliza ni bibi yupi. Nilipewa sahani ya pilau nikaishika tu. Shangazi naye alikwisha kutangulia zamani, Mungu amrehemu. Kwa hiyo wa kuukumbuka mwaka ule tumebaki mimi na Hamisi, na Hamisi hukumbuka vyakula tu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Bibi Doroti alikuwa amepita sabini, mjane, mrefu na mwembamba, na Kiswahili chake alijifunza darasani kabla ya kuja, kwa hiyo alikitamka polepole na kwa adabu kuliko sisi wenyewe. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kufua na kumsaidia Hamisi. Nyumba ilikuwa na vyumba ambavyo sikuwahi kumwona mtu akilala ndani yake, na sebule yenye viti vyeupe ambavyo tulivipangusa kila siku vumbi ambalo halikuwapo. Yeye mwenyewe hakuipenda sebule. Maisha yake aliyaishi jikoni, kwenye meza ya mbao iliyochorwa na visu vya Hamisi, na saa saba mchana alikula pale pamoja nasi: wali, mchicha wa nazi, samaki wa kukaanga, na siku za Ijumaa mbaazi ambazo Hamisi alizipika mpaka zikawa kama siagi. Mwanzoni nilishindwa kutafuna mbele yake. Aliona, akawa anaangalia dirishani mpaka nimalize tonge.

Yafaa nieleze ile minazi, kwa sababu mgeni hushangaa. Kwetu Udigoni ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Mtu aweza kuliuza shamba na mnazi ukabaki wa yule aliyeupanda, au wa yule aliyerithishwa. Babu alimwachia Shangazi minazi kumi na miwili, akawaachia wanawe wa kiume ardhi. Wanawe waliiuza ardhi kwa mgeni wa kwanza, naye akamuuzia mwingine, mpaka ikafika kwa akina Doroti. Karatasi ilisema ardhi na vyote vilivyo juu yake. Siku ya kutia saini mauzo yale ya kwanza wajomba na ami walikuwa wamejaa pale, na hakuna hata mmoja aliyeitaja minazi, si kwa hila wala kwa kusahau. Hawakuitaja kwa sababu kila mtu alijua. Ndiyo makosa yetu sisi: jambo likijulikana na wote, twaona ni utovu wa adabu kuliandika.

Na yale yaliyojulikana yalikuwa na taratibu zake. Mwenye mnazi ndiye amwitaye mkwezi. Akishaangua, humwachia mwenye ardhi nazi mbili, heshima ya kukanyaga mchanga wake. Kila baada ya miezi mitatu hivi Shangazi aliingia na Juma, akaangua, akamletea Bibi Doroti nazi zake mbili kwa mikono miwili, naye akazipokea kwa mikono miwili. Nadhani hakuna kitu nyumbani mle alichokipenda kama nazi zile mbili. Friji ilikuwa imejaa vitu vya madukani, lakini siku hiyo alimsimamia Hamisi azikune mbele yake.

Siku za kuangua Shangazi alibaki kula. Siku moja, katikati ya mbaazi, akamuuliza Bibi Doroti bila kupepesa, "Hivi marehemu mume wako alikuwa akifanya kazi gani, mpaka mkapata haya yote?"

"Alikuwa akila chakula cha mchana," akasema Bibi Doroti.

Hamisi akacheka. "Hiyo hata mimi naiweza."

"Alikula na wabunge. Makampuni yalimlipa ale nao. Kampuni ya dawa, ya karatasi, ya mafuta. Alikula, alicheka, aliuliza habari za watoto, alikumbuka majina ya watoto wote. Baada ya miezi michache sheria ilikuwa imebadilika kidogo. Neno moja tu, mahali ambapo hakuna anayesoma."

"Rushwa," akasema Shangazi, akichota mbaazi.

"Hapana. Rushwa kwetu ni kosa. Hii ilikuwa na risiti."

"Ala! Kumbe tofauti ni risiti," Hamisi akasema, na sote tukacheka, hata Bibi Doroti, lakini macho yake hayakucheka. Akaweka kijiko chini. Alituambia kwamba yeye hakuzaliwa na mali. Alizaliwa katika mji mdogo kando ya mto, mji wa kiwanda kimoja cha karatasi, na baba yake alifanya kazi kiwandani humo. Kampuni ilijenga hospitali. Ilijenga maktaba. Iliwapa watoto wa shule sare za mpira, na kila mwaka, mwezi wa Novemba, ilimpa kila mfanyakazi bata mzinga mmoja wa sikukuu, na baba yake alimbeba mgongoni akipita katikati ya mji ili watu waone. Kisha watu wa bondeni wakaanza kuugua, maji ya mto yakawa na povu. Daktari alikuwa mwajiriwa wa kampuni. Gazeti liliishi kwa matangazo ya kampuni. Diwani alikuwa shemeji ya meneja. "Hakuna aliyetuziba mdomo," akasema. "Tulikuwa tumeshiba yule bata. Utamsemaje mtu vibaya na nyama yake bado iko katikati ya meno?"

"Na sasa?" nikathubutu kuuliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema mezani.

"Sasa kiwanda kimehama, Riziki. Dada yangu bado yuko. Ana presha. Vidonge vyake huvikata nusu, ili vifike mwisho wa mwezi. Nikimtumia fedha hurudisha. Husema zinanuka chakula cha mchana."

Shangazi akaacha kula. "Marekani?" akauliza. "Marekani hii hii? Watu wanakata vidonge?" Kisha akamsogezea bakuli la mbaazi, akamwambia, "Kula, mama. Hizi hazina risiti."

Mara nyingi nimeurudia mchana huo. Nilikua nikiamini kwamba umaskini una mipaka kama ya pale Lunga Lunga, kwamba kuna kizuizi, ukikivuka basi uko upande wa pili na mambo yako yamekwisha kuwa mazuri. Pale mezani niliona kwa mara ya kwanza kwamba mtu aweza kuvuka peke yake, akamwona dada yake amesimama ng'ambo, na asiweze kurudi wala kumvusha. Bibi Doroti alikuwa tajiri kuliko mtu yeyote niliyewahi kula naye. Lakini alikuwa akila kama mtu anayeomba radhi.

Mwanawe alikuja siku chache kabla ya Ramadhani. Aliitwa Piter, mtu wa miaka arobaini hivi, mtanashati, mpole sana. Nataka niwe mwaminifu: hakuwahi kutufokea hata siku moja. Aliyajua majina yetu siku ya pili, na siku ya tatu alikuwa akimuuliza Hamisi habari za watoto wake kwa majina. Bibi Doroti aliyasikia hayo, akaondoka mezani. Kumbe nyumba haikuwa yake. Aliniambia mwenyewe, nikimkunjia mashuka: nyumba ilikuwa ya kampuni, kampuni aliyoianzisha mumewe na kuiandikisha katika jimbo ambalo yeye hajalikanyaga, na yeye alikuwa na hisa chache tu, kama mgeni aliyekaribishwa kikombe cha chai. Kampuni ilitaka kuuza. Mnunuzi alitaka kujenga nyumba za wageni safu kwa safu mpaka karibu na maji, na alitaka kiwanja kitupu, kisicho na mti wala mdai.

Wakili alimwambia Piter kwamba karatasi zake ni safi ila kuna mama mmoja anayeingia na kutoka. Piter hakumzuia Shangazi langoni. Alifanya jambo zuri zaidi, na ndilo lililotuua. Shangazi alikuwa amekwenda Kikoneni kumuuguza binamu yake. Siku ile ilikuwa zamu yangu ya mapumziko, niko nyumbani kwa Shangazi, nimefunga. Pikapu ikasimama mlangoni. Ikashusha nazi, rundo zima, safi, zimefuliwa makumbi tayari, pamoja na mfuko wa mchele na mfuko wa sukari, na kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili kizuri: Ramadhani njema, kutoka kwa kampuni. Majirani walitoka kutazama. Dereva akanipa karatasi ya kupokelea mzigo. Nilijiona mtu mkubwa. Niliweka saini. Nikasema ahsante, nikaongeza, kwa sauti ya kusikika na majirani, "Mungu awazidishie."

Jioni nilikuna nazi tatu, nikapika wali na maharage ili Shangazi akirudi akute futari imenona. Akafika na adhana. Akafungua kinywa kwa tende na maji, akaswali, akaketi, akapiga tonge la kwanza. Akalitafuna taratibu. Mtu aliyekula nazi za miti yake maisha yake yote anaijua ladha yake, nami niliona uso wake ukitulia kwanza, kama aliyeitwa na mtu anayempenda. Kisha ukabadilika.

"Nazi hizi zimetoka wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa furaha, jamani, na habari ya mchele na ya kadi.

"Nani aliyemwita mkwezi?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Mkono wangu ulikuwa kwenye sahani, na wali ukawa mchanga. Aliyemwita mkwezi ndiye mwenye mnazi, na aliyepelekewa nazi akashukuru ndiye aliyepewa. Majirani wote walikuwa mashahidi, na saini ilikuwa yangu. Shangazi hakulitema tonge, maana ni dhambi. Alilimeza. Akanawa mikono, akaitazama ile pembe ya chumba rundo lilipokuwa. "Basi wamenizika," akasema polepole, "na wewe ukaitikia amina."

Minazi ilikatwa. Nalisema mapema ili msinisubirie muujiza. Pale pana hoteli leo, na nimewahi kupita mbele yake nikiwa na wanangu nisiseme kitu. Karatasi iliyosema "na vyote vilivyo juu yake" ilikuwa na nguvu, na sisi hatukuwa na karatasi. Lakini usiku ule, kabla hakujapambazuka, nilijua kwamba Shangazi hakuwa akililia mbao na makuti peke yake. Mtu aweza kunyang'anywa mali yake akabaki mwenye mali aliyedhulumiwa. Au aweza kufanywa aonekane hakuwahi kuwa nayo, kwamba miaka yote hiyo alikuwa masikini mmoja anayehurumiwa nazi. Hili la pili ndilo nililomfanyia mimi, kwa neno moja la adabu, na ndilo alilotaka liondolewe.

Asubuhi alizipakia nazi zote kwenye tuktuk, safari mbili. Akapitia sokoni Ukunda akanunua tatu za kufidia zile nilizokuna, akazichagua kwa kuzitikisa sikioni kama anavyochagua za harusi. Mimi nilikuwa nimekwisha kufika kazini. Nikamwona akiingia sebuleni, sebule ile ya viti vyeupe, miguu yake ina vumbi la njia, na dereva wa tuktuk nyuma yake akimwaga nazi juu ya sakafu. Zilibingirika mpaka chini ya meza. Piter akasimama. Bibi Doroti akatoka chumbani kwake, akaona, akaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Kwanza alimletea Shangazi glasi ya maji. Kisha akakumbuka ni Ramadhani, akairudisha kifuani pake, akabaki ameishika kwa mikono miwili.

"Mwambie," Shangazi akaniambia, akimtazama Piter, "zawadi hupewa mgeni. Mimi hapa si mgeni."

Nikatafsiri. Piter alisikitika kwa kweli. Alisema hakukusudia kumuudhi mtu, kwamba alitaka tu kuwa jirani mwema, na kwamba hata hivyo, alisema hili kwa upole mno, mpwa wa huyu mama mwenyewe alikwisha kutia saini kwamba nazi zimepokewa kutoka kwa kampuni. Karatasi ilikuwa juu ya meza. Nikaitafsiri na sentensi ile pia.

Bibi Doroti akaketi kwenye kiti kimojawapo cheupe. Sikuwahi kumwona akikikalia. Akaomba kalamu. Akaandika kwa Kiingereza, akisoma kila neno kwa Kiswahili ili Shangazi asikie: kwamba kwa miaka yote aliyoishi katika nyumba hii, kila mavuno, Bi Mejumaa ameingia na mkwezi wake, ameangua nazi za minazi yake, na kumpa yeye mbili. "Mimi ndiye niliyepewa," akasoma. "Mimi ndiye niliyeshukuru." Akatia saini.

"Mama," Piter akasema, "unafahamu kwamba hiyo kampuni ni wewe pia?"

"Nafahamu. Ndiyo maana naandika."

"Itatuchelewesha. Itatugharimu."

"Baba yako alikula na watu maisha yake yote," akamjibu, na akarudia kwa Kiswahili ili sisi sote tusikie, "na hakuna hata mmoja aliyekuja kumzika. Mimi nimekula na huyu mama."

Karatasi ile haikuiokoa minazi. Ila kwa sababu yake mawakili hawakuthubutu kutuma mashine kimya kimya. Ilibidi waje nyumbani, wanaume watatu wenye suti, wavue viatu, waketi mkekani, wamwombe mwenye minazi ruhusa. Walikuja mara tatu. Mara tatu Shangazi aliwakaribisha kahawa na kaimati, mara tatu akawaambia hapana, nao wakaondoka jasho likiwatiririka, maana hawakuwa wamezoea kuomba. Mara ya nne hawakuja, walikata. Lakini Udigoni kote, mpaka Shimoni, ikajulikana kwamba kampuni imekata minazi ya Mejumaa. Ya Mejumaa. Alikufa akitajwa hivyo.

Siku ile sebuleni Piter alichukua simu yake, akatoka kwenda ufukweni bila kumtazama mamake. Hamisi, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni muda wote na kisu mkononi, hakuweza kujizuia. "Na ile sukari, Bi Mejumaa? Mbona siioni?"

"Sukari ni sukari," Shangazi akasema. "Haikupandwa na babangu."

Bibi Doroti akacheka mpaka akajifuta macho, kisha akawa anajifuta tu, na kicheko kilikuwa kimekwisha. Mwanawe angeondoka Jumapili, hakurudi tena kumwona hapa, na nadhani yeye alikwisha kulijua hilo. Nilianza kuifungua aproni yangu. Nilitaka kwenda na Shangazi, nimbebee mfuko, nimwombe radhi njiani mahali ambapo hakuna wa kutusikia. Shangazi akaniona. Akanijia, akanishika mikono, akaifunga tena aproni mwenyewe nyuma ya mgongo wangu, akaikaza kama alivyokuwa akinikazia sare ya shule.

"Wewe baki," akaniambia kwa sauti ndogo. "Kaa naye. Leo hana mtu."

"Shangazi, mimi nilikosa. Nisamehe."

"Nimekwisha kukusamehe nilipokuwa nikichagua zile tatu. Mpikie uji, naona huyu hajala kitu tangu jana. Mimi nimefunga, lakini yeye ana njaa."

Akamwendea Bibi Doroti, akampa mkono. Walishikana tu, wazee wawili, mmoja na glasi yake ya maji tena mkononi. Kisha Shangazi akajitanda kanga, akapita katikati ya nazi zilizotapakaa bila kuzitazama, akatoka. Nilisimama kizingitini nikiusikiliza mwendo wake juu ya changarawe mpaka ulipopotea nyuma ya ukuta. Joto la nje lilikuwa likiingia, na nyuma yangu Bibi Doroti alikuwa amesimama peke yake katikati ya nazi. Nikaufunga mlango.